Naomba ushauri: pikipiki iliyotumika, injini iliyochongwa

Habari wakuu, hasa wanasheria. Nimenunua pikipiki kwa mtu binafsi, shilingi 1,800,000. WhatsApp aliandika "injini haijawahi kufunguliwa". Wiki ya pili ikaanza moshi wa bluu na kula oili; fundi alipofungua, silinda imechongwa, pistoni ina alama ya 0.50, yaani ni kubwa kuliko ya kiwandani kwa milimita 0.50, ishara kwamba injini ilishafunguliwa. Inaniuma sana. Nimempelekea barua ya siku 14 arudishe pesa, kimya. Meseji na picha ninazo.

Mkataba wetu unasema "imeuzwa kama ilivyo". Je, maneno hayo yanamkinga na vifungu vya 18 na 19 vya Sheria ya Mikataba, Sura 345 (maelezo yasiyo ya kweli, na haki ya aliyedanganywa kuvunja mkataba)? Atadai ningegundua kwa uangalifu wa kawaida, lakini nani hufungua injini kabla ya kununua? Na nikiitengeneza kabla ya kufungua shauri, nitapoteza haki ya kuirudisha?