Tupeane uzoefu: amri za jeshi linalokalia nchi zinakwama wapi?

Mwanzisha uzi: Mnaozijua sheria za vita, karibuni. Tuweke ya utendaji tu: amri inatokaje, inahukumiwa wapi, inaharibika vipi.

Karani: Kwanza itangazwe. Ibara ya 65 ya Mkataba wa Nne wa Geneva (1949), ule wa kulinda raia wakati wa vita, inataka amri ya jinai ichapishwe na wakazi wajulishwe kwa lugha yao kabla haijaanza kutumika, na isihukumu matendo ya kabla yake. Bango la kafyu liwe na namba ya amri, mipaka ya eneo, saa, wanaoruhusiwa kupita (wakunga, zimamoto), anayetoa vibali na adhabu. Na liseme ni saa za wapi! Mei 1940 Wajerumani waliisogeza mbele saa ya Uholanzi kwa saa 1 na dakika 40 ilingane na ya Berlin. Mwenye saa ambayo haijarekebishwa anakamatwa barabarani akiamini bado ana muda.

Mpekuzi: Mahakama nazo. Tangazo Na. 1 la Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika, mwaka 1944 lilisimamisha mahakama zote za Ujerumani katika maeneo yaliyotwaliwa, kwa hiyo hata mwizi mdogo alibaki mikononi mwa jeshi. Ndiyo maana ziliwekwa mahakama za kijeshi za ngazi 3: ya chini kifungo kisizidi mwaka 1, ya kati miaka 10, ya juu hadi kifo. Bila ngazi ya chini, kesi za vibali na kafyu zingeziba njia ya kesi kubwa.

Bwana Stoo: Ndugu zangu, risiti msiidharau. Kanuni za Hague za 1907 (za vita vya nchi kavu), ibara ya 52: vitu vya wakazi vichukuliwe kwa mahitaji ya jeshi linalokalia tu, kwa kadiri ya uwezo wa eneo, kwa idhini ya kamanda wa hapo. Vilipwe taslimu ikiwezekana. La sivyo itolewe risiti, na malipo yafuate mapema. Andika kikosi, cheo, tarehe, mahali na uzito kwa kilo. "Magunia kumi", sahihi isiyosomeka, kikosi hakikutajwa: hapo mkulima hana wa kumdai. Kutoza michango ya fedha ni jambo jingine, linahitaji amri ya maandishi ya jenerali mkuu.

Karani: Niongeze adhabu ya kifo. Aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati wa kosa hahukumiwi kifo (ibara ya 68). Kwa wengine, hukumu haitekelezwi kabla ya miezi 6 tangu Dola Linda (nchi isiyo vitani inayosimamia maslahi ya upande wa wakazi) lipate taarifa yake (ibara ya 75), isipokuwa dharura nzito ya kiusalama, na hata hapo lijulishwe kwanza lipate nafasi ya kutoa maoni.