Kuvua kwa chambo na samaki wa bandia katika hori la Tudor, Mombasa

MgeniWaZiwani aliuliza:

Ndugu wavuvi wa Mombasa, nawasalimu. Nilihamia mjini hapa kikazi miezi minne iliyopita nikitokea Kisumu, ambako nilizoea kuvua mbuta kwa rodi, mara nyingine kwa fulu hai na mara nyingine kwa samaki wa plastiki mwenye ulimi mbele, ule unaomzamisha kila anapovutwa. Kwa kuwa ninaishi Tudor, na hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, liko karibu kiasi kwamba nikitoka kazini ninalifikia kwa miguu kabla jua halijatua, nilidhani nimeangukia neema. Hadi leo nimekwenda jioni kumi na mbili. Nimepata hongwe watatu, chaa mmoja mdogo niliyemrudisha majini, na samaki wa ajabu aliyejaa upepo mkononi mwangu akawa kama mpira; nilimtupia paka wa jirani, naye akamnusa akaenda zake. Kati ya samaki wa bandia saba niliokuja nao wamebaki wawili, maana wengine wote wamenasa katika mizizi ya mikoko na mawe.

Ninaomba kujua kama kosa langu liko katika chambo au katika mahali ninaposimama, na kama samaki wa bandia wanafaa kweli katika maji haya yaliyochafuka. Vilevile, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba maji machafu ya mji yanaishia humo, je, samaki wa hori hili wanalika?

Nahodha_wa_Jomvu alijibu:

Karibu Mombasa, mwanangu. Nimevua hori hili kwa mshipi wa mkono tangu utotoni, kwanza upande wa Jomvu Kuu na baadaye Mikindani. Katika maelezo yako umetaja rodi, chambo, saa ya kutoka kazini na hata paka, lakini hukutaja maji. Ziwa lako halijai wala halipwi. Hori hili katika bamvua kubwa, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, hupanda na kushuka karibu mita 4, na sehemu kubwa ya maji hayo huingia na kutoka kwa mlango mwembamba ulioko kati ya kisiwa na Nyali. Samaki husafiri nayo, kwa hiyo mahali palipokuwa na samaki saa kumi na moja panaweza kuwa tope tupu saa tatu usiku.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndipo bamvua. Hapa Mombasa maji ya bamvua hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, kisha hupwa hadi saa nne na kitu, asubuhi na usiku. Saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo baada ya juma moja utakuta mambo yamegeuka: ni maji mafu, jioni ndiyo kwanza yanaanza kujaa, tena kwa uvivu, na tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kupungua hadi karibu mita 1. Wewe unayetoka kazini jioni, siku zako ni zile za bamvua, kwa sababu unafika maji yakiwa yamesimama juu na kujiandaa kurudi.

Maji yakisimama usijichoshe; kunywa kahawa. Yakianza kutoka, kaa pale ambapo kijito kinachotoka ndani ya mikoko kinakutana na mkondo mkubwa. Wakati wa kujaa, kamba, visamaki na kaa wadogo huingia katikati ya mizizi kutafuta chakula na maficho. Yakipwa hawana hiari, lazima watoke, na mlangoni wanangojwa na chewa na kolekole. Saa mbili za mwanzo wa kupwa zina faida kuliko usiku mzima wa kurusha ovyo.

Chambo changu cha kwanza ni kamba aliye hai. Pitisha ndoana chini ya ile pembe ya kichwani, ukiepuka doa jeusi linaloonekana ndani yake, maana ukilichoma amekufa. Kamba akikosekana, tumia kipande chembamba kirefu cha ngisi, ambacho ni kigumu na hakiliwi upesi na visamaki vidogo. Simu wabichi wanafaa pia, lakini hulainika, basi watie chumvi usiku kucha. Chaa ana mdomo mdogo na anataka ndoana ndogo na minyoo ya matopeni, ilhali mkizi hana haja na nyama. Jaribu kidonge cha unga uliokandwa, ukiwa na subira. Wahenga walisema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi kwa kuwa huruka mwenyewe akaangukia chomboni, lakini miaka yote hii amenirukia mara mbili tu.

Kuhusu kunasa, funga chubwi, kile kizito cha kuzamishia ndoana, kwa uzi dhaifu kuliko uzi wa ndoana. Likikwama maweni, litakatika peke yake, na ndoana itarudi pamoja na samaki wako. Mwisho, kabla ya kuzoea pahala fulani, waone viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia pwani hiyo, uwaulize pia kuhusu leseni, kwa maana kuna Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na kuna mahali wenyeji wametega mitego au wanaotesha mikoko michanga ambayo mgeni huikanyaga bila kujua.

Rodi_ya_Kisauni alijibu:

Shikamoo, mzee Nahodha. Sina la kupinga katika habari ya maji, ila nitawatetea samaki wa bandia kidogo, kwa sababu nusu ya kolekole wangu nimewapata kwa wao.

Ndugu Mgeni, yule samaki mwenye ulimi alitengenezwa kwa maji yenye kina. Ukimvuta katika hori lenye mita moja au mbili za maji anachimba tope, na zile ndoana zake za mikono mitatu zinashika kila mzizi. Badala yake tumia wa mpira laini, urefu wa kidole, mwenye kichwa cha risasi na ndoana moja inayotazama juu. Mrushe juu ya mkondo, mwache aguse chini, mwinue kwa mtikiso mfupi, kisha mwache aanguke tena. Mara nyingi anachukuliwa anapoanguka, kwa hiyo uzi usilegee wakati huo. Asiye na fedha za kununua na afunge manyoya meupe ya kuku juu ya ndoana, kama wafanyavyo wanaoburuta mishipi baharini. Hayana umaridadi wa dukani, lakini kolekole haulizi bei.

Uchafu wa maji una majira yake. Wakati wa masika, mito ya Kombeni na Tsalu inapoleta udongo kutoka bara, hori huwa rangi ya chai ya maziwa, na samaki wa bandia haonekani hata akiwa mbele ya mdomo. Hapo chambo chenye harufu ndicho kinachofanya kazi, na mimi mwenyewe huweka rodi chini nikaazima mshipi. Kaskazi inapovuma, kuanzia mwezi wa Disemba hivi hadi Machi, maji karibu na mlango wa hori husafika, hasa yanapokuwa yanajaa na kuleta maji ya bahari. Tangu daraja jipya la Makupa lilipofunguliwa mwaka 2022 mahali pa tuta la zamani, maji hupita pia kwenda na kurudi upande wa Port Reitz, hori la magharibi ya kisiwa, na mimi naona upande ule umechangamka kidogo, ingawa hayo ni maoni yangu tu.

Usiku tafuta mahali ambapo taa za barabarani zinaangukia maji. Visamaki hukusanyika kwenye mwanga, na wakubwa hukaa gizani pembeni, kwa hiyo rusha kwenye mwanga lakini umalizie kuvuta kivulini. Ukianza kukatwa uzi mara kwa mara bila kuhisi uzito wowote, huyo ni mzia, samaki mwenye meno makali. Weka waya mfupi mbele ya ndoana.

MamaKaranga_Tudor alijibu:

Wanaume mmeandika mengi kuhusu ndoana, na hakuna aliyemwambia mgeni kwamba ameponea chupuchupu. Mwanangu, huyo samaki aliyejaa upepo ni bunju. Ana sumu inayomlemaza mtu hadi ashindwe kupumua, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kutia ndimu. Paka yule ana akili. Ukimpata tena, mwondoe kwenye ndoana bila kumpeleka nyumbani, wala usimwache pwani watoto wakamwokota.

Hongwe analika na mchuzi wake ni mtamu, lakini ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, yenye sumu ya maumivu. Ivunje kwa koleo kabla ya jambo lingine lolote. Akikuchoma, tia mkono katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha nenda zahanati. Vivyo hivyo jihadhari na miiba ya tafi.

Sasa swali lako la kulika. Mimi nakaanga na kuuza samaki, na nitakujibu kama ninavyowajibu wateja wangu. Vijidudu vya maji taka hukaa zaidi katika matumbo, matamvua na utando wa nje, kwa hiyo usimwoshe samaki horini. Mpasue nyumbani, tupa vya ndani vyote pamoja na ini, mwoshe kwa maji ya bomba, na umkaange hadi mfupa. Madini mazito ni jambo jingine, kwa sababu hayaondoki kwa moto. Dampo la Kibarani lilikaa miaka mingi ukingoni mwa maji ya Makupa, na sitaki kudanganya kwamba lilipofungwa kila kitu kilikwenda nalo. Kwa hiyo samaki wa upande huo mimi sinunui. Wa karibu na mlango wa hori, anayeingia na maji ya bahari, namnunua, na nyumbani kwangu tunamla mara moja moja, si kila siku. Chaza wa kwenye mawe karibu na mabomba ya maji taka usiwaguse kabisa, maana wao huchuja maji hayo mchana na usiku na kubaki na yaliyomo.

MgeniWaZiwani alijibu:

Nawashukuru nyote, na wewe mama zaidi. Nilingoja mwezi ulipokuwa mpevu, nikafika maji yakiwa juu, nikakaa bila kurusha kwa zaidi ya nusu saa huku nikijiona mjinga. Yalipoanza kutoka niliweka kamba hai kwenye mdomo wa kijito na kabla ya isha nilikuwa na kolekole wawili na chewa wa kama kilo moja. Mpira laini ulinipa mguso mmoja tu, lakini haukunasa popote. Chubwi nimepoteza matatu, lakini ndoana sikupoteza hata moja. Je, mzee, usiku uliofuata nilirudi saa ile ile nikaambulia patupu, nini kilibadilika?

Nahodha_wa_Jomvu alijibu:

Ulirudi saa ile ile ya mkononi, mwanangu. Maji yalikuwa nyuma yako kwa dakika 50, na kama uliondoka mapema ulimwacha chewa njiani.