Mbio za mchujo velodromuni: jicho la mwamuzi au picha?

MADA: Kwenye velodromu (uwanja wa mbio za baiskeli) ya mita 250, kila mizunguko miwili anatolewa mmoja, yule ambaye ukingo wa nyuma wa gurudumu lake la nyuma umekuwa wa mwisho kuvuka mstari wa kumalizia. Je, waamuzi waendelee kuamua kwa macho, au asitolewe mtu mpaka picha itazamwe?

SPOKU: Picha kwanza. Kundi likienda kilomita 54 kwa saa, ni mita 15 kila sekunde. Sentimita 10 zinapita kabla hujapepesa jicho. Tangu 2021 mchujo una jezi yake ya ubingwa wa dunia; Elia Viviani na Letizia Paternoster ndio walioitwaa mwaka huo. Jezi ya namna hiyo haitolewi kwa kukisia.

KENGELE: Muda wa kutazama utaupata wapi, ndugu? Kwa kasi hiyo mzunguko mmoja ni sekunde 17 hivi, na wakirudi mstarini kengele ya mchujo unaofuata inalia. Asiyejua kwamba ametolewa anaendelea kugombea nafasi, anamziba aliye halali, na hapo ndipo watu wanapoangushana.

PEDELI: Si transponda zipo, vile vifaa vya baiskeli vinavyorekodi muda wa kuvuka mstari?

SPOKU: Mara nyingi hufungwa kwenye uma wa mbele, kwa hiyo haipimi gurudumu la nyuma. Video ya kawaida nayo ni fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde. Kati ya fremu na fremu baiskeli imeshasogea sentimita 60. Inayofaa ni kamera ya picha ya kumalizia, inayosoma mstari wenyewe tu.

KENGELE: Sawa, lakini iko wapi? Anayetolewa mara nyingi ni aliyebanwa chini, upande wa ndani wa njia, kwenye mstari mweusi. Juu yake amefunikwa na wenzake, na chini haruhusiwi kupita kwenye ukanda wa buluu ulio chini ya mstari huo. Akipita huko anaweza kutolewa hata kama si wa mwisho. Kamera ikiwa upande wa jukwaa, gurudumu lake halionekani kabisa.

PEDELI: Basi ziwe mbili, moja upande wa ndani. Panapokuwa wazi, mwamuzi atangaze papo hapo. Panapokuwa na shaka, asitoke mtu, na mchujo unaofuata watoke wawili.

KENGELE: Wawili hapana! Aliyejipanga awe wa pili kutoka mwisho ili aokoe nguvu utamwadhibu kwa shaka isiyo yake. Ongeza mizunguko miwili, mita 500, mbio ziendelee.

SPOKU: Hapo naungana nawe. Ila kamera ya ndani iwe sharti.