Naomba ushauri: betri inaisha gari likilala siku mbili

Wakuu, gari dogo la Kijapani, lipo Njiro, Arusha. Betri mpya ya Ah 45 (ampia-saa), alteneta inayoichaji inatoa volti 14.2, lakini likilala siku mbili halipigi hata stata.

Mita imeungwa kati ya ncha hasi ya betri na waya wake, loki ya mlango imebanwa kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Baada ya dakika 40 bado linavuta ampia 1.3, wakati kawaida haitakiwi kuzidi 0.05. Fyuzi zilipimwa milivolti bila kuchomolewa (penye milivolti, umeme unapita), maana ukichomoa na kurudisha unaiamsha kompyuta upya. Inayopitisha umeme ni ya taa ya ndani. Ikitolewa, mita inashuka hadi 0.03.

Shida ni kwamba fyuzi hiyo inalisha pia redio, saa na kompyuta ya bodi (inayosimamia taa, loki na milango). Redio imechomolewa, hakuna badiliko. Kuna alamu ya kufungwa mtaani, waya zimezungushiwa selotepu tu (mafundi wetu hawa!), na soketi moja chini ya dashibodi ina kutu ya kijani. Nahisi maji ya mvua yanapenya kioo cha mbele.

Nianze kukata alamu au swichi za milango? Na mwenye kumjua fundi mwenye mashine inayosoma bodi, si injini peke yake, Arusha au hata Moshi, anielekeze.