"Chokaa kapake tambuu": ndivyo nilivyoambiwa leo, mbele ya mafundi!

MtotoWaBaraza: Watu wa Mji Mkongwe wa Unguja, nina hasira hata kofia hainikai. Mnamjua. Simtaji. Yule mwenye simu tatu na ukimdai hazishikwi zote. Asubuhi kashusha mifuko ya saruji nyumba ya bibi! Ukuta wa mawe ya matumbawe, mnene kama ubavu wa jahazi, umesimama tangu babu yake hajaota meno. Nikamwambia kwa adabu: ami, ukuta huu unapumua. Ukiupiga saruji unyevu unabaki ndani, vichwa vya boriti vinaoza, dari itatushukia. Tupige chokaa. Akatema tambuu, lile jani la kutafuna linalopakwa chokaa, pwaa, shibiri moja na kiatu changu, akasema: "Chokaa kapake tambuu." Mafundi wakacheka. Hata mchota maji, niliyemnunulia urojo jana!

Nikamtajia Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani, Disemba 2020, upande mzima ulivyoporomoka na watu 2 wakafa. "Lile la serikali." Nikamwambia mji huu UNESCO wameuandika urithi wa dunia tangu 2000. "Basi walete mifuko wao." Haya, yote nasamehe. Lakini chokaa kapake tambuu? Mimi? Sijatafuna tambuu tangu nizaliwe!

BiShangani: Pole. Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

MlaUrojo: Babu wa ami yako si babu wa baba yako? Umejitukana mwenyewe.

KijanaWaVidaka: Na ule mchango wa ngazi ulioahidi mwaka jana?

MtotoWaBaraza: Ngazi si mada. Mada ni shibiri moja na kiatu changu.

FundiMkongwe: Chokaa inataka kuloweshwa siku na siku. Mwenye nyumba anataka kuhamia Ijumaa. Msitulaumu sisi.

DadaWaMalindi: Afadhali nyie mna wa kununua hata saruji. Kwetu warithi 19, boriti imepinda kama upinde, kimya. Siku alipokuja mtu kuulizia bei ya mlango wa nakshi, hata wa Muscat walipiga simu.

PwezaMkavu: Kwani lini tutazungumzia vespa za vichochoroni saa nane za usiku?

BiShangani: Vespa nafuu. Jirani yangu kageuza nyumba hoteli, mgeni akioga juu, mimi naroa kitandani.

MtotoWaBaraza: Jamani, uzi wangu. Pwaa! Shibiri moja!

PwezaMkavu: Ile vespa ya bluu ya nani?

KijanaWaVidaka: Ya ami yake.