Mrejesho: tela lililokuwa likiyumba nyuma ya gari dogo

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini tela langu la tairi mbili, nikilivuta na RAV4 kutoka Morogoro kwenda Dar, linaanza kucheza kushoto na kulia nikigusa 80.

Kosa lilikuwa kwenye upakiaji. Magunia ya mahindi nilikuwa nayarundika nyuma kabisa ili kushusha kuwe rahisi, kumbe uzito ule unanyanyua mkono wa tela (chuma cha mbele kinachounganishwa na gari) na kuipunguzia gari mshiko wa tairi za nyuma. Safari hii karibu asilimia 60 ya mzigo niliuweka mbele ya ekseli (chuma kinachoshika tairi za tela). Mkono nikaupima kwa mizani ile ya kupimia watu: tela zima kilo 500, mkono kilo 40. Minyororo ya kufungia tela kwenye gari nayo nimeipitisha msalaba chini ya mkono, ukichomoka udakwe usichimbe lami.

Nimetembea 70 hadi Chalinze, usukani umetulia kabisa. Breki bado zinachelewa kushika, kwa hiyo naacha nafasi mara mbili.

Aliyeniambia tela likiyumba niachie mafuta taratibu, nisikanyage breki ghafla, asante sana ndugu yangu. Siku ile nilikuwa na wanangu wawili ndani ya gari.