Naomba mwongozo: uhasibu wa menejimenti unanishinda mwaka wa pili

Mwanachuo wa Mikindani ameandika:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu katika chuo kimoja hapa Mtwara. Uhasibu wa fedha sina ugomvi nao. Mizania isipolingana huwa silali mpaka niione ile shilingi iliyopotea. Lakini somo la uhasibu wa menejimenti, yaani hesabu za kumsaidia meneja kuamua, nimelifanyia mtihani wa marudio muhula uliopita, na muhula huu, katika jaribio la kwanza, nimepata alama 11 kati ya 30, ingawa kanuni zote nilikuwa nimezikariri na ninaweza kuziandika hata sasa bila kutazama daftari.

Swali lililoniangusha lilihusu kikundi kinachobangua korosho. Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa inatumia kilo 5 za korosho ghafi zilizonunuliwa kwa shilingi 2,000 kila moja, ujira wa kubangua na kumenya ni shilingi 3,000, kuni na vifungashio ni shilingi 1,000, na bei ya kuuzia ni shilingi 20,000. Pango, mlinzi na uchakavu wa vifaa ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Kwa kawaida kikundi kinatengeneza na kuuza kilo 300 kwa mwezi.

Sehemu ya kwanza ilisema mwezi mmoja kikundi kimetengeneza kilo 400 na kuuza 300, tukokotoe faida kwa njia mbili. Nilipata shilingi 900,000 kwa njia moja na 1,125,000 kwa nyingine, nikadhani nimekosea, nikafuta jibu la pili. Kumbe yote mawili yalikuwa sahihi. Sehemu ya pili ilisema mteja kutoka Dar es Salaam anataka kilo 100 za ziada kwa shilingi 16,000. Niligawanya shilingi 900,000 kwa kilo 300, nikapata 3,000, nikaijumlisha na 14,000 za korosho ghafi, ujira, kuni na vifungashio, ikawa gharama kamili ya shilingi 17,000 kwa kilo, nikaandika kwamba akataliwe kwa sababu tutapata hasara. Nilipewa sifuri.

Ninaomba mnisaidie kuelewa, kwa sababu kukariri nimekariri vya kutosha. Inawezekanaje biashara moja, katika mwezi mmoja, iwe na faida mbili? Na kwa nini nikubali kuuza chini ya gharama?

Mhasibu wa Chama, Masasi:

Marahaba, mdogo wangu. Ninafanya hesabu za chama cha msingi cha ushirika, na nilipita katika shida hiyo hiyo nilipokuwa mwanafunzi, kwa hiyo nitakujibu kwa namba zako mwenyewe.

Anza na huyu mteja wa Dar es Salaam. Jiulize ni fedha gani itatoka mfukoni mwa kikundi kwa sababu yake yeye, ambayo isingetoka kama asingekuja. Korosho ghafi ni shilingi 10,000, ujira 3,000, kuni na vifungashio 1,000, jumla 14,000. Pango je? Mwenye nyumba atadai kodi yake ileile mteja akija au asipokuja, na mlinzi hali kadhalika. Ile shilingi 3,000 uliyoiongeza kwa kila kilo haipo popote duniani isipokuwa kwenye karatasi yako. Uliipata kwa kugawanya, na ungegawanya kwa kilo 400 ingekuwa shilingi 2,250. Kwa hiyo kila kilo atakayoinunua inaacha shilingi 2,000 juu ya gharama zake, na hiyo ndiyo tunayoiita mchango. Kilo 100 zinaleta shilingi 200,000 ambazo kikundi kisingezipata.

Lakini hapa pana sharti, nalo ndilo ambalo wanafunzi wengi hulisahau baada ya kuelewa hilo la kwanza. Hesabu hiyo inasimama ikiwa kikundi kina nafasi ya kutengeneza kilo 400. Kama uwezo wao unaishia kilo 300, basi ili kumhudumia mteja huyu watawanyima wateja wa kawaida kilo 100, ambazo kila moja inaacha mchango wa shilingi 6,000. Watapoteza 600,000 ili wapate 200,000. Mteja ni yuleyule na bei ni ileile, lakini jibu limegeuka.

Sasa zile faida mbili. Katika njia ya kwanza pango, mlinzi na uchakavu wa mwezi huo vinaondolewa vyote kwenye mapato ya mwezi huo, shilingi 900,000 nzima. Katika njia ya pili kila kilo iliyotengenezwa inabebeshwa sehemu yake, shilingi 2,250, na kwa kuwa kilo 100 zimebaki stoo, zimebaki na mzigo wao wa shilingi 225,000, ambao utaingia kwenye hesabu siku zitakapouzwa. Toa faida ya 900,000 kwenye ile ya 1,125,000 uone kinachobaki. Hakuna fedha mpya iliyoingia. Ni gharama iliyojificha stoo kwa muda. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2 kinadai njia hii ya kubebesha katika taarifa zinazotolewa kwa watu wa nje, ndiyo maana unaizoea. Meneja anayetaka kujua kama mwezi ulikuwa mzuri aiogope kidogo, kwa sababu anaweza kuonyesha faida kubwa kwa kujaza stoo tu bila kuuza hata punje moja zaidi.

Kwetu kwenye ushirika jambo hili nililielewa kwa uchungu zaidi. Korosho ghafi zinauzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani (korosho zinawekwa ghalani kwa stakabadhi mpaka ziuzwe), ulioanza huku Mtwara mwaka 2007, na mnunuzi anayeandika bei yake haulizi chama kimetumia kiasi gani. Huwezi kumwambia mnada kwamba gharama zetu ni kadhaa, tuongezeeni faida. Kilicho mikononi mwetu ni usafiri kutoka kijijini hadi ghalani, magunia, vibarua wa kupakia na gharama za ofisi, na kila shilingi inayopotea hapo inamkata mkulima. Uhasibu wa menejimenti kwangu ni kujua shilingi hiyo imepotelea wapi kabla msimu haujaisha.

Mbanguaji, Nachingwea:

Mwanangu, mimi sikusoma chuo, lakini ninaongoza kikundi cha akina mama kumi na wanne kama hicho cha kwenye mtihani wako, na nina neno kwa kaka mhasibu.

Kaka, wewe umehesabu korosho ghafi kwa shilingi 2,000 ya kwenye mtihani. Zilinunuliwa lini? Korosho tunanunua msimu ukiwa umeshamiri, tunaweka stoo, tunabangua kidogo kidogo mpaka miezi ya mbele. Mteja wa Dar es Salaam akija mwezi wa tano, pengine korosho ghafi imefika shilingi 2,500. Nikimbangulia kilo 100, nitakuwa nimetumia kilo 500 za stoo, na ili wateja wangu wa kila siku wasikose itabidi ninunue nyingine kwa hiyo bei mpya. Kwa hiyo kilo yake moja inanigharimu korosho za shilingi 12,500, sio 10,000. Ongeza ujira na kuni, ni shilingi 16,500. Yeye anatoa 16,000. Kwenye kilo 100 nimepoteza shilingi 50,000, huku daftari likiniambia nimepata faida ya laki mbili.

Jambo hili lilitukuta kweli. Mwaka wa kwanza wa kikundi tulikubali oda kwa kuangalia bei ya zamani iliyoandikwa kwenye risiti, tukafurahi, tukagawana. Tulipokwenda kununua korosho nyingine fedha haikutosha, na tukakaa wiki tatu bila kazi. Wenzangu walikuwa wamepaka majivu mikononi siku nyingi mpaka usiku, kwa sababu mafuta ya maganda yanachubua vidole, na malipo ya taabu ile yakawa hayo. Tangu siku hiyo, kabla sijamtajia mtu bei, ninapiga simu kuuliza korosho ghafi leo ni shilingi ngapi.

Jingine dogo. Korosho zikivunjika wakati wa kubangua zinakuwa vipande, na vipande bei yake ni ya chini. Mwanachama mmoja alikuwa anasema tusivikaange kwa sababu "vimetugharimu sana". Vimeshagharimu, vikaangwe visikaangwe. Tunachouliza ni kama kuni na chumvi za kukaangia zinarudi. Zinarudi, na zaidi.

Mstaafu wa Lindi:

Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Lindi, na ninakiri nimefurahi kusoma maelezo ya mama wa Nachingwea, kwa sababu amelieleza jambo ambalo mimi nilihitaji mihadhara miwili kulifikisha. Fedha iliyokwisha kutoka haina sauti katika uamuzi wa leo; chenye sauti ni kile utakachotoa au utakachokikosa kuanzia sasa.

Kijana, tatizo lako sio hesabu. Umelelewa katika uhasibu wa fedha, ambako swali ni moja na limeshawekwa na sheria na viwango: nini kilitokea, na kionyeshwe vipi kwa watu wa nje. Huku kwenye uhasibu wa menejimenti hakuna anayekupangia swali. Neno "gharama" peke yake halina maana kamili mpaka useme ni gharama kwa ajili ya uamuzi gani. Kwa hiyo kabla ya kuandika namba yoyote, andika juu ya karatasi sentensi moja: nani anaamua, anaamua nini, na njia nyingine aliyo nayo ni ipi. Wanafunzi wangu waliozoea kufanya hivyo walikuwa wanapoteza dakika mbili na kuokoa swali zima.

Fikra hizi ni za zamani kuliko vyuo vyetu. Mfinyanzi mmoja wa Uingereza, Josiah Wedgwood, biashara ilipomharibikia mwaka 1772 alikaa na vitabu vyake akachambua gharama za vyombo alivyotengeneza, akagundua kwamba nyingine zinaendelea kwenda kama saa ya ukutani, vyombo vikiwa vingi au vichache. Hakuna mtihani uliomtuma. Alikuwa anataka kujua apunguze bei mpaka wapi bila kuanguka. Ndilo swali la mteja wako wa Dar es Salaam.

Nikuongezee mtego mmoja utakaokutana nao kwenye bajeti. Tuseme kikundi kilipanga kutengeneza kilo 300 na kulipa ujira wa shilingi 900,000, kisha kikatengeneza kilo 340 na kulipa 986,000. Mhasibu mvivu ataandika kwamba ujira umezidi kwa shilingi 86,000 na mwenyekiti atawagombeza akina mama. Lakini kilo 340 kwa shilingi 3,000 zilistahili ujira wa shilingi 1,020,000. Wameokoa 34,000. Bajeti lazima kwanza inyooshwe ifuate kazi iliyofanyika kweli, ndipo ulinganishe. Ukilinganisha kabla ya hapo unamwonea mtu aliyefanya kazi vizuri. Hili ninalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wakinyimwa posho kwa hesabu ya namna hiyo.

Kuhusu kukariri, usiache kabisa. Mitihani ya kitaaluma ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, itakuja baada ya chuo, na huko muda ni mfupi na kanuni lazima ziwe kichwani. Ila fanya zoezi moja mara tatu kwa kubadilisha sharti moja kila mara, badala ya kufanya mazoezi matatu tofauti mara moja moja.

Mwanachuo wa Mikindani:

Kaka, mama na mzee, ninawashukuru sana. Nimekaa na swali lile usiku huu nikalifanya kama mzee alivyoelekeza. Kukiwa na nafasi na korosho kwa bei ya 2,000, mteja akubaliwe na faida inaongezeka kwa shilingi 200,000. Nafasi ikiwa imejaa, akataliwe. Korosho ikipanda hadi 2,500, akataliwe pia, au aombwe apandishe bei izidi shilingi 16,500. Nimeona sasa kwamba jibu langu la kukataa lingeweza hata kuwa sahihi, lakini kwa sababu nyingine kabisa, na ile niliyoitoa haikustahili alama.

Nina swali moja la mwisho kwa mama. Kikundi chenu kikitoka kilo 300 kwenda 400 kwa mwezi, ni kweli kwamba gharama zile za pango na mlinzi hazibadiliki kabisa?

Mbanguaji, Nachingwea:

Pango na mlinzi havibadiliki. Kinachobadilika ni tanuri. Letu la kukaushia linatosha kilo 300 na chache za juu. Zaidi ya hapo tunakodi la jirani, na yeye anatoza kwa mwezi, shilingi 60,000, hata ukilitumia siku mbili. Kwa hiyo katika ile laki mbili yako toa elfu sitini, ibaki 140,000. Na ukikodi kwa ajili ya kilo 20 tu, mwanangu, usikubali oda hiyo, kwa sababu kilo 20 zinaleta elfu arobaini.